Shamba la urithi Pemba, mivule na kichaka cha maweni: serikali inamsaidia vipi mtu anayetaka kuuweka msitu wake?

bint_kiamboni

Assalam alaykum jamani, natumai nyote wazima.

Mie kwetu Pemba, wilaya ya Wete upande wa mashariki, ila nipo Unguja mjini kwa ajili ya kazi. Marehemu baba katuachia shamba, tuko ndugu kadhaa na mama yu hai anakaa pale pale kiamboni. Shamba lina pande mbili, juu udongo mzuri kuna mikarafuu ya zamani mingine imeshakauka vilele, miembe mikubwa, mifenesi, na mivule ambayo baba alikuwa hataki hata mtu aitaje bei mbele yake. Chini kuelekea pwani ni maweni, yaani ardhi ya mawe mawe, kichaka kilichoshikana hakijalimwa tangu tuko wadogo, na humo ndimo mama anaokota kuni na majani ya dawa.

Sasa kaja mfanyabiashara wa mbao, kaizunguka mivule na miembe yote na anataka kuichukua kwa bei moja ya jumla, pesa taslimu. Na mwengine anakitaka kile kichaka chote akate kuni za tanuri la chokaa na za mkaa. Kaka zangu wawili wameshakubali mdomoni. Mie na mama hatutaki, lakini nikisema "hatutaki" naulizwa mbona msitu haukulipii chochote, na hapo nakuwa sina jibu.

Bas naomba wenye kujua wanambie, idara ya misitu ina msaada gani kwa mtu wa kawaida mwenye miti yake? Miche, utaalamu, ruzuku, hata karatasi tu ya kuonesha kuwa hapa pana msitu wa watu na unatunzwa? Au msaada ni kwa misitu ya serikali tu kina Ngezi na Jozani? Na huyo mnunuzi anaweza kukata kwa ridhaa ya kaka zangu peke yao?

Mstaafu wa Misitu

Waalaykum salaam mwanangu, Allah amrehemu baba yenu. Nimefanya kazi idara ya misitu mpaka nikastaafu kwa hiyo nitakujibu kwa nnavyoujua utaratibu, ukienda ofisini watakueleza zaidi.

Kwanza tulia, hakuna msumeno utakaoingia kesho. Zanzibar tuna sheria ya misitu, Sheria namba 10 ya mwaka 1996, na mti mkubwa haukatwi kwa kuelewana mnunuzi na muuzaji tu. Kibali kinaanzia kwa sheha, mkuu wa shehia, kisha kinakwenda kwa ofisa misitu wa wilaya, na yeye ndiye anaekuja kuangalia mti wenyewe, upo wapi, wa nani, unakatwa kwa sababu gani. Kusafirisha nako kuna kibali chake, mbao zikikamatwa njiani au bandarini bila karatasi zinachukuliwa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya wiki hii, mama yako au wewe nendeni kwa sheha mkamwambie kwamba shamba lile ni la warithi wote, mirathi haijagawiwa, na kuna warithi hawajaridhia. Sheha akilijua hilo hana sababu ya kuweka sahihi. Usingoje wakatangulia wao.

Mikarafuu ina sheria ya peke yake, ya maendeleo ya karafuu ya mwaka 2014, hata ule uliokauka usiuangushe kabla hujauliza.

Sasa msaada. Pesa ya kukulipa wewe kwa sababu hukukata, mimi katika utumishi wangu wote sikuona mtu binafsi akipewa. Lakini msaada upo na watu wengi hawautumii kwa sababu wanamuona bwana misitu kama askari wa kukimbiwa. Idara ina vitalu, miche ya misitu na ya matunda inatolewa ama bure ama kwa bei ndogo kutegemea mwaka na aina ya mti. Ina maofisa kila wilaya ambao ni kazi yao kuja shambani kwako ukiwaita, wakakwambia mti gani umeshakomaa, upi unaoza ndani, wapi panataka kujazwa. Kwa Pemba ofisi ipo Weni pale Wete, kwa huku Unguja ni Maruhubi. Nenda na barua iliyopita kwa sheha, eleza kwamba unataka ushauri wa kutunza miti ya familia, usiende kwa kuulizia tu maana ukiuliza utajibiwa na ukiandika utafunguliwa faili.

Ukweli mwengine lazima niseme, ardhi Zanzibar ni ya umma chini ya serikali, wewe unayo haki ya kuitumia. Miti uliyopanda au uliyorithi ni mali yako, na sisi huku tangu zamani mtu anaweza kuwa na mikarafuu yake juu ya ardhi ya mwengine. Kwa hiyo hati ya matumizi ya ardhi ishughulikieni, mtu mwenye hati ofisa anamsikiliza vyengine.

Seremala Wete

Dada mie ni fundi seremala na nanunua mvule, naomba uniskilize vizuri kwa sababu hapa nnazungumza kinyume na tumbo langu.

Usiuze mti kwa kuukisia. Yule anaekuja na bei moja ya jumla anajua kile ambacho nyinyi hamkijui, yeye kichwani keshahesabu mbao ngapi atatoa, nyinyi mnaona mti tu. Chukueni kamba, mzungushe shina usawa wa kifua, kisha muipime ile kamba kwa mita. Ikiwa mzingo ni mita 2 na gogo lililonyooka kabla ya tawi la kwanza ni mita 5, hapo mna kama mita za ujazo moja na nusu za gogo, na zaidi kidogo. Bila shaka zote hazitoki mbao, msumeno wa moto unakula sana, ukipata nusu mshukuru Mungu, mara nyingi ni chini ya hapo. Lakini nusu hiyo hiyo ipigie bei ya mbao za mvule dukani halafu uilinganishe na alichowatajia. Mtashangaa.

Na mvule si kama mkaratusi kwamba baada ya miaka michache unao mwengine. Milango ya Mji Mkongwe ile mingi mnayoiona ni misaji na miti migumu ya namna hiyo, miaka mia na zaidi na imesimama. Sasa hivi mie nikipata oda ya mlango wa mvule natafuta wiki na wiki, mbao nyingi nnazofanyia kazi zinatoka bara. Mti uliosimama unaendelea kunenepa na bei inapanda, hauna haraka ya kuoza kama haukuumia. Mkiwa na shida ya pesa kweli uzeni mmoja, kwa kibali, uliozeeka zaidi, mupasue wenyewe muuze mbao badala ya mti. Fundi mtamlipa, usafiri mtalipa, bado mnaweza kubakiwa na kingi kuliko kuuza mti kwa bei ya jumla.

Miembe nayo wasikudanganye ati ni kuni tu, mwembe unafaa ngalawa na unafaa mbao za kawaida. Na kabla ya hapo unatoa maembe!

Mkulima Mtambile

Mie ntasema tofauti kidogo na msinichukie. Msitu mtupu haulishi watoto. Sehemu ya juu ina udongo wa mikarafuu na mikarafuu yenyewe imezeeka, serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu miaka yote hii na ZSTC, shirika la biashara la serikali, inanunua, soko halina wasiwasi. Kwa nini udongo mzuri ukaliwe na mivule ambayo mtaikata siku moja? Safisheni juu, pandeni mikarafuu, hicho kichaka cha maweni ndio mkiache maana hapo hata muhogo unalia.

bint_kiamboni

Kaka wa Mtambile sikuchukii, umesema ambalo kaka zangu wanalisema kila siku. Lakini huyo mnunuzi hajasema atapanda mikarafuu, atakata ataondoka. Na pesa ya jumla ikigawiwa kwa mafungu ya mirathi, kila mmoja wetu atapata kitu cha kumaliza ndani ya mwezi, mama fungu lake ndo thumuni, halafu anabaki kwenye jua.

Mzee wangu Mstaafu shkamoo na ahsante sana, nimeshampigia mama aende kwa sheha. Swali jengine, ami yangu anasema kipande kimoja cha pale juu si shamba la asili la babu bali ni eka tatu aliyopewa babu na serikali baada ya Mapinduzi. Hilo linabadilisha kitu?

Mstaafu wa Misitu

Marhaba. Ndio linabadilisha, na ni vizuri ami yako kasema mapema. Eka tatu ni ardhi ya serikali aliyopewa mkulima aitumie, ina masharti yake, kuiuza au kuikata vipande vipande si jambo la kujiamulia ndugu barazani. Kwa hiyo mkiorodhesha mali ya marehemu iwekeni mbali na shamba la asili. Nendeni na cheti chake cha kugawiwa kama kipo, kikikosekana kwenye ofisi ya ardhi waangalie kumbukumbu. Na mirathi yenyewe msiimalize kwa mdomo, kuna mahakama ya kadhi na kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, hao ndio wanaogawa fungu kwa fungu mkapata karatasi. Faida ya karatasi ni kwamba mwenye kutaka kuuza fungu lake mnaweza kumlipa nyinyi wenzake kidogo kidogo shamba likabaki zima. Nimeona familia zinafanya hivyo, wanakubaliana hesabu ya miti, yule mwenye haraka analipwa kutokana na karafuu za msimu.

Na nimjibu kijana wa Mtambile. Hakuna aliesema tupande misitu kwenye mikarafuu. Ila mkarafuu mchanga unapenda kivuli ukiwa mdogo na unachukia upepo na jua kali la kiangazi, miche mingi inayogaiwa inakufa kwa sababu watu wanasafisha pakawa peupe kisha wanapanda. Mche unachukua miaka sita saba mpaka uanze kuzaa chochote. Weka mikarafuu mipya katika mapengo ya ile iliyokufa, chini ya kivuli cha hiyo miembe na mivule, punguza matawi pole pole kadiri inavyokua. Udongo wa mteremko ukiuacha uchi masika moja tu, unaufuata bondeni kwenye mpunga.

Mama wa Shehia (Kusini Unguja)

Salaam alaykum. Mie niko kamati ya uhifadhi ya shehia yetu huku kusini, tuko kwenye maweni khasa, kwa hiyo nichangie hilo la kichaka cha chini.

Dada, ulisema unataka karatasi ya kuonesha pana msitu unatunzwa. Sheria ile ile ya 1996 imefungua mlango wa misitu ya jamii, wengi wanaita COFMA, ni makubaliano baina ya shehia na idara ya misitu. Mnachora mipaka, mnagawa msitu, sehemu haikatwi kabisa, sehemu inakatwa kwa zamu na kupumzishwa, mnaweka sheria ndogo ndogo na faini, na kamati inakuwa na uwezo wa kumzuia mtu hata akiwa anatoka shehia nyengine. Ulipokuja mradi wa HIMA, Hifadhi ya Misitu ya Asili, kuanzia 2010 chini ya shirika la CARE na serikali kwa fedha za Norway, shehia 45 Unguja na Pemba zikaingia. Sasa nenda ukaulize, yawezekana shehia yenu nayo imo na makubaliano yapo kabatini hakuna anaeyakumbuka. Ikiwa imo na kichaka chenu kimepakana na msitu wa jamii, mwambieni katibu wa kamati awaingize kwenye ramani kama wenye shamba mliokubali kulinda. Mtu peke yake akipambana na mkata kuni usiku ataumia. Kamati ikishirikiana na sheha na polisi jamii ni jambo jengine.

Ila nikwambie na upande wa pili maana watu wetu waliumia moyo. Tuliambiwa habari za hewa ukaa, kwamba miti yetu itauzwa bila kukatwa. Watu walikaa wakingojea, na mauzo yale hayakuja kama yalivyozungumzwa. Mpaka leo ukiitisha mkutano wa msitu mtu wa kwanza kunyoosha mkono anauliza pesa za hewa ziko wapi. Kwa hiyo akija mtu kwako na lugha hiyo, hata akiwa na tai, usitie sahihi chochote kabla ya idara na sheha hawajakiona, na usijenge bajeti ya mama juu yake.

Sie kinachotushikilia ni vitu tunavyoviona. Nyuki, tuna mizinga na maweni yana maua mengi. Kuni kavu kwa kina mama kwa siku maalum. Kitalu cha kikundi. Na wenzetu wanaopakana na Jozani wanapata fungu katika kiingilio cha watalii kwa sababu kima punju wanakula kwenye mashamba yao, hilo lilipiganiwa na wakulima wenyewe waliojiunga pamoja, halikushuka tu.

mtoto wa Ole

Jamani hamjataja Kidike! Hapa hapa Pemba, popo wale wakubwa ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa chetu, wanalala kwenye kimsitu kidogo tu na watu wa pale wakaamua kukilinda, wageni wanakuja kutazama na wanalipa kiingilio kwa wanakijiji. Zamani popo walikuwa wanawindwa na kuliwa mpaka wakakaribia kwisha. Dada angalia mivule yenu jioni kama popo wanalala, wakiwepo usiruhusu hata mtu atupe jiwe. Sisemi mtapata watalii, mko mbali na barabara pengine, lakini popo ndie anaepanda miti bila malipo, anakula matunda anaruka mbali anatupa mbegu.

Kitalu Konde

Nimechelewa kuuona huu uzi. Nna kitalu cha miche, niongeze la kupanda kwa sababu wengi wanapoteza nguvu hapo.

Mvule usijaribu kupanda shamba zima mvule mtupu juani. Kuna kidudu kinafanya uvimbe kwenye majani machanga na ncha, mche unadumaa unakufa, na ikiwa mivule iko pamoja kinahama mmoja hadi mwengine. Panda mmoja mmoja, mbali mbali, ndani ya miti mengine, kwenye kivuli chepesi. Na kabla ya kununua mche tazama chini ya mvule mkubwa na kando ya shamba, mara nyingi imeota yenyewe, wewe izungushie vijiti tu mbuzi asile. Mkangazi nao hivyo hivyo una kiwavi kinachotoboa ncha, uchanganye. Msaji unataka udongo wa kina usiotuama maji, kwenye maweni usipoteze miche.

Kwa pesa ya karibu ambayo itawanyamazisha kaka zako, tafuteni pembe moja isiyo na kitu, hasa kwenye mchanga karibu na pwani, mpande mivinje. Mita 2 kwa 2 eka moja inaingia kama miche elfu moja. Miaka minne mitano mnapunguza mnauza nguzo na mapau ya kujengea, iliyobaki inanenepa. Mvinje ukiukata usitegemee utachipua kama mkaratusi, ni kupanda tena, kwa hiyo mtenge na miche. Mkaratusi mie siushauri karibu na kisima cha mama.

Akesia pia inakwenda vizuri kwa kuni na haichagui udongo, ila inasambaa, kwa hiyo msiitie ndani ya kichaka cha asili, iwekeni pembeni. Na gliricidia kwenye mpaka, unakata inachipua, kuni na majani ya mbuzi vyote humo humo.

Kuna pia jumuiya ya Community Forests Pemba, walianza kazi zao kisiwani Kokota ambacho kilikuwa kimebaki kipara na sasa kina miti, wao wanafundisha kilimo cha viungo chini ya miti, vanila, mdalasini, pilipili manga. Pilipili manga inapanda juu ya miti mliyonayo bila kukata hata mmoja. Ukisema msitu haukulipi anza na hapo.

bint_kiamboni

Wallahi nimefarijika, Allah akulipeni nyote. Mama kashafika kwa sheha, sheha kasema hatotia sahihi mpaka warithi wote wakae, na kamwambia kuna kamati ya uhifadhi katika shehia ila haijakutana muda mrefu. Kaka mkubwa kakubali tupime miti kwa kamba kama alivyosema fundi kabla ya kumjibu mnunuzi. Mdogo bado kanuna.

Nnapanga kuvuka na boti wiki ijayo inshaallah, niende Weni na barua. Kaka wa kitalu, hiyo mivinje na pilipili manga nianze lini, na miche niiwahi kwako au nisubiri ya serikali?

Kitalu Konde

Ya serikali andikisha jina lako hapo hapo Weni ukipeleka barua, maana wanagawa msimu wa mvua na ikija inakwisha siku hiyo hiyo. Mashimo yachimbwe sasa, miche iingie mvua za masika zikishatulia ardhini, usipande mvua ya kwanza ukadanganyika. Pilipili manga si lazima ununue, jirani yeyote mwenye mipilipili manga mizuri muombe vipande vya shina vyenye vifundo, vikae kwenye viriba kivulini mpaka vitoe mizizi. Ukifika Konde uliza kitalu, ntakuonesha namna ya kuvikata.

Mstaafu wa Misitu

Na ukienda Weni mchukue huyo mdogo alienuna. Aende yeye na ofisa shambani, amshikie kamba.